Katambuga Kando ya Lundo la Pumba

Gaudensia anasema alimwona kwa macho yake mawili. Ilikuwa Jumanne, jua limeanza kuinama, treni ya Mpanda imeshapiga honi ya kwanza, na yeye yuko pale stesheni ya Kaliua na ungo wake wa karanga za kuchemsha. Akamwona Baba Tekla anakuja mbiombio kutoka upande wa Pawa, koti lake la kijani mwilini, begi begani, hasalimii mtu. Akadandia behewa la tatu. Treni ikaondoka, na yeye ndani.

Ndivyo anavyosema Gaudensia, na alishasema mara nyingi kiasi kwamba habari yenyewe ilianza kunenepa. Jumanne jioni mtu huyo alikuwa peke yake. Jumatano alfajiri, kwenye foleni ya maji, akawa anatazama nyuma kama mwizi. Kabla ndoo ya mwisho haijajaa, akapatiwa mwanamke pia, mweupe, kitenge chekundu, aliyemshikia nafasi dirishani.

"Mimi sina ugomvi na mtu, Mama Tekla," alimwambia Levina mbele ya wenzake. "Nakwambia kwa kuwa wewe ni mdogo wangu. Mwanaume akishachoka na vumbi la pumba, anachoka na nyumba nzima."

Levina alikuwa ameinama anafunga mtoto mgongoni. Alikaza fundo la kanga. Tangu yuko darasa la tatu kule Ipole, mwalimu wake alisema mtoto huyu anatazama kuliko anavyosema. Alipomaliza la saba, majina ya waliochaguliwa yakabandikwa ukutani na la kwake halimo, aliisoma karatasi ile mpaka jina la mwisho kabisa, kisha akarudi nyumbani akaingia kwenye tumbaku ya baba yake. Sasa ana miaka ishirini na mitatu, mume na mtoto mmoja. Na usiku mzima uliopita, mume hakuwa amerudi.

"Dada Gaudensia," aliuliza, "miguuni alivaa nini?"

"Miguuni?"

"Eeh. Miguuni."

"Haya jamani, msikieni! Mume anapotea, yeye anauliza viatu. Alivaa viatu, mama. Viatu vyeusi vya kamba. Ulitaka asafiri pekupeku?"

Wanawake wakacheka. Levina akajitwisha ndoo yake. Viatu vyeusi mumewe, Shigela, hakuwa navyo. Alikuwa na katambuga, zile ndara za tairi la gari, jozi moja tu, za kanisani hizo hizo na za kazini hizo hizo.

Pawa ni jengo la zamani la kufua umeme, chini kidogo ya reli, lenye bomba la moshi linaloonekana kabla mtu hajauona mji wenyewe. Zamani lilikula makaa ya mawe yaliyoletwa kwa mabehewa. Makaa yakakatika, jengo likalala, popo wakahamia. Miaka miwili iliyopita ikaja kampuni, ikafukuza popo, ikafungua tumbo la boila, ikang'oa vyuma vya zamani na kuweka vingine. Ikasema jengo sasa halitakula mawe tena, litakula vinavyotupwa: pumba za mpunga kutoka Nzega na Igunga, maganda ya karanga, mabua ya pamba, vumbi la mbao. Taa zikawaka. Watu wakapata vibarua. Shigela akawa mmoja wao.

Kuna kitu kimoja ambacho kampuni haikukibadili. Pumba zilimwagwa pale pale uwanjani palipokuwa panamwagwa makaa, mahali pasipo na paa. Makaa ya mawe hayana habari na mvua. Pumba zinayo. Mvua za Desemba ziliingia, jua likakausha juu, ndani kukabaki unyevu, na unyevu ule ukaanza kuchemka taratibu, kama tumbaku iliyofungwa mbichi. Kufikia Machi lundo lilikuwa refu kama uwanja wa mpira, na kimo chake ni nyumba mbili zilizobebana.

Kazi ya Shigela na wenzake ilikuwa kupanda juu ya lundo hilo na kusukumia pumba chini, kijiko kizichote na kuzipeleka kwenye mkanda unaolisha moto. Kijiko ni lile tingatinga lenye bakuli mbele. Walipanda wawili wawili. Wa kwanza hushika mti mrefu, anadunga mbele yake kabla ya kukanyaga. Wa pili humfuata na reki. Walipanda pekupeku, kwa sababu pumba zikiingia kwenye kiatu zinakata kama wembe. Kila asubuhi kila mtu alivua katambuga zake, akazipanga chini ya behewa bovu la zamani, nyayo juu, zisijae vumbi. Hakuna aliyewaamuru. Simu nayo Shigela aliiacha nyumbani, kwa kuwa ya kwanza ilikufa kwa vumbi lile lile.

Mwanzoni mwa Machi Shigela alirudi na habari kwamba lundo linavuja moshi.

"Kidogo tu," alisema, ananawa. "Kama uzi. Sehemu tatu hivi."

Levina alikuwa anasonga ugali, wala hakuinua kichwa. "Si mzibe."

"Tuzibe na nini?"

"Na tope. Kwani bani inazibwaje?"

Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya utotoni. Kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku kwa moto, baba yake alimzungusha na ndoo ya tope kutwa nzima, na kila joto linapotoka, yeye anapaka. Ukiacha ufa mmoja, jani lote linaharibika. Shigela akawapelekea wenzake maneno hayo. Nusu yao walikuwa watoto wa tumbaku. Wakaona ni akili tupu. Wakakanda tope, wakapaka, moshi ukakoma. Mzee Zablon, msimamizi wa uwanja, akawasifu mbele ya watu, na Shigela akarudi nyumbani anacheka: "Leo wamekusifu wewe, Mama Tekla, ila jina wametaja langu."

Hakuna aliyewaza kitu kimoja. Kwenye bani moto unakula kuni unazoupa, na nyumba inabaki. Pale Pawa moto ulikuwa unakula nyumba yenyewe. Chini ya tope na gamba la juu, lundo lilikuwa linabaki tupu.

Jumatano hiyo, baada ya kutua ndoo, Levina alikwenda getini. Mzee Zablon alitoka na kofia yake ngumu nyeupe na kikohozi chake cha siku zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mke wa Shigela. Pole. Tumesikia."

"Mmesikia nini, baba?"

"Kwamba kijana ametuacha. Sisi amekimbia kazi, wewe amekimbia nyumba. Wote tumeachika."

Levina hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama chini ya lile behewa bovu. Jozi za katambuga zilipangwa safu moja, na kandokando, peke yake, jozi moja ambayo vumbi lake lilikuwa nene kuliko la wenzake, kwa kuwa ililala pale. Ukanda wa kushoto ulifungwa kwa waya mwekundu wa umeme. Waya ule aliusokota yeye, kwa koleo la kuazima.

"Hizi ni zake."

"Basi kanunua viatu. Si jirani yako mwenyewe anasema alivaa viatu?"

"Na simu yake iko nyumbani, baba."

"Mwanaume anayekimbia mke," alisema kibarua mmoja aliyeegemea reki, "kitu cha kwanza kuacha ni simu."

Wakacheka. Levina akaziokota katambuga, akazikung'uta moja kwa nyingine, akainua macho kwenye lundo. Katikati, juu kabisa, palikuwa na bonde kama bakuli, mahali pumba zimejizamia. Moshi haukutoka pale. Ila hewa ilikuwa inacheza juu yake, kama inavyocheza juu ya bati saa saba mchana.

"Lile bonde la nini?"

"Pumba hujilaza," alisema Mzee Zablon, na safari hii hakucheka.

"Baba, naomba mchimbe pale."

"Mwanangu, sikiliza." Alimvuta pembeni, sauti ikashuka. "Lundo lile lina joto ndani. Ukilifungua katikati, hewa inaingia, linawaka lote. Likiwaka lote, Pawa imekwisha. Taa, mashine ya maji, friji za dawa. Nifanye hayo yote kwa mtu ambaye yuko Mpanda anakunywa chai?"

Levina alisimama akatazama kijiko. Kilikuwa kinachota lundo upande wa mashariki, kinakwenda na kurudi, na Hilari, dereva wake, yuko juu kwenye kioo kilichofunikwa vumbi. Akapima kwa macho, kisha akatembea kandokando ya lundo akahesabu kwa miguu. Kutoka mdomo wa kijiko mpaka usawa wa bonde, hatua arobaini na moja.

Alijua kinachotokea kwa kitu kilichomo kwenye lundo lile. Mwezi uliopita mbuzi wa mlinzi alipotea. Walimtafuta mpaka mtoni. Baada ya siku nne, waliokuwa wanazoa majivu nyuma ya boila wakaokota kengele yake ya shingoni, imegeuka nyeusi, ila inalia. Mbuzi mzima alipita kwenye bakuli la kijiko, kwenye mkanda, kwenye moto, na hakuna jicho lililomwona. Shigela aliileta kengele ile nyumbani, akaisugua kwa majivu, akampa Tekla achezee.

Mjumbe wa mtaa alimsikiliza kwa upole, akasema kwa kuwa shahidi yupo, tuseme amesafiri. Levina akampigia mama mkwe wake Igunga, amwombe waje kuweka msiba.

"Msiba wa nani?" mama mkwe alifoka. "Mwanangu hajafa. Hata huku tumesikia, ana mwanamke Mpanda. Usinililie mtu aliye hai mimi."

Hivyo Levina hakuweza hata kutandika mkeka nje. Watu walipita mbele ya nyumba yake wakamsalimia kwa sauti ile ya kumwonea huruma mwanamke aliyeachwa. Angeweza kuibeba, kama Shigela angekuwa hai mahali fulani anamcheka. Lakini kila alipofumba macho alisikia kijiko.

Alhamisi asubuhi zilikuwa hatua ishirini na sita.

Siku hiyo alikwenda kwa Ngassa, aliyekuwa mwenza wa Shigela juu ya lundo. Alimkuta mkewe, Amne, anafua. Amne alipomwona alisimama ghafla, maji yakamwagika.

"Ngassa hayupo. Amekwenda kumwona shangazi yake. Anaumwa."

"Wapi?"

"Mpanda."

"Lini?"

Amne akainamia beseni. Levina akachuchumaa upande wa pili, akashika ncha ya shuka, wakakamua pamoja kama dada wawili. Hakumsukuma. Alimngoja, na Amne alikuwa mtu asiyeweza kungojwa.

"Jumanne," alisema.

"Alivaa viatu vyake vyeusi vya harusi."

"Alivaa." Machozi yakaanza kudondoka kwenye povu. "Asubuhi alitoka na homa, Mama Tekla. Anatetemeka. Mumeo akamvalisha koti lake, akamwambia leo wewe kaa nyuma, nitatangulia mimi. Zamu ya kutangulia ilikuwa ya Ngassa. Mti wenyewe alibaki nao Ngassa, anajiegemezea, kwa homa. Mumeo akatangulia mikono mitupu." Akafuta pua kwa bega. "Alikuja hapa pumba zimejaa mpaka kwenye kope. Akaniambia, nilimshika mkono, Amne, mkono ukateleza. Halafu juu pakajifunga, kama hakuna kitu. Vumbi jingi, wa chini hawakuona. Akachukua begi. Kazini wanajua anaumwa homa tu. Simu yake haipatikani tangu siku ile."

Levina alikaa chini, kwenye tope la kufulia. Alikuwa anajua tangu Jumatano. Ila kujua kulikuwa na mlango wa matumaini, na mlango huo sasa ulifungwa.

"Twende ukamwambie Mzee Zablon."

"Siwezi."

"Amne."

"Watamfunga mume wangu! Watasema amemsukuma, watasema zamu ilikuwa yake. Wewe wako ameshakufa, Mama Tekla. Niachie wangu."

Akaingia ndani, akafunga.

Ikabaki njia moja. Stesheni, Gaudensia alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anapanga mafungu ya karanga. Levina akakaa chini kando yake. Treni ya mizigo ilikuwa inatoka, watu wachache wanavuka reli.

"Dada, sura yake uliiona?"

"Sura ya nani tena?"

"Ya Baba Tekla."

"Nina miaka kumi na mmoja nauza hapa," alisema Gaudensia. "Watu wa treni wanakimbia. Sura zao nazionea wapi? Mimi watu nawajua kwa migongo. Nikiona mgongo najua huyu karanga, huyu mihogo, huyu ananunua kwa mkopo." Akacheka peke yake. "Mgongo wa mumeo naujua. Lile koti la kijani lenye kiraka begani, ulikishona wewe, uzi mweupe."

"Koti alilivaa Ngassa. Alikuwa na homa. Na viatu vyeusi ni vya Ngassa."

Mikono ya Gaudensia ikasimama juu ya karanga. Levina akaweka zile katambuga kwenye ungo, katikati ya mafungu, akamweleza yote, taratibu, mpaka kwenye mkono ulioteleza. Mteja alikuja akauliza fungu ngapi. Hakuna aliyemjibu, akaondoka.

"Mungu wangu," alisema Gaudensia kwa sauti ndogo ambayo Levina hakuwahi kuisikia kwake. "Nimempandisha maiti treni."

Ijumaa asubuhi walikwenda wote wawili, Tekla mgongoni. Hatua tisa. Kijiko kilikuwa kinaunguruma, na ukuta wa pumba mbele yake ulikuwa umebadilika rangi. Pumba za kahawia zilikwisha, sasa zilikuwa zinatoka nyeusi, zinafuka. Mzee Zablon alipowaona akatembea kuwapokea mbali, lakini Gaudensia hakungoja. Mwanamke yule anayeita treni nzima kwa koo lake alisimama katikati ya uwanja.

"Nisikieni! Mimi ndiye niliyesema nimemwona Shigela. Sikumwona. Niliona koti."

"Mama, taratibu," alisema Mzee Zablon.

"Sina taratibu. Mliponiuliza mlifurahi, hamkuniambia taratibu. Sura sikuiona!"

"Na yule mwanamke wa kitenge?" aliuliza yule kibarua wa reki.

"Mwanamke nilimwongeza."

Hakuna aliyecheka. Vibarua walitazama chini, kisha, mmoja baada ya mwingine, wakatazama lile bonde juu ya lundo. Hilari akashusha kioo. Bakuli la kijiko lilikuwa hewani, limejaa, linadondosha pumba nyeusi pembeni. Alikuwa anamtazama msimamizi wake.

Mzee Zablon akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa na mvi nyingi kuliko alivyodhani Levina.

"Hata kama ni kweli," alisema. "Hata kama. Moto nilikwambia. Nikisimamisha kijiko, boila linapoa, mpaka liwake tena ni siku tatu. Nikichimba, lundo linashika. Juu yangu kuna watu, mwanangu. Nitawaambia nini?"

"Waambie ni mimi," alisema Levina. "Mimi ndiye niliyesema mzibe kwa tope. Shigela hakujua tope, kwao wanachunga ng'ombe. Yale maneno mliyomsifu nayo yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemfunikia moto mume wangu, kisha nikamsongea ugali." Sauti yake haikupanda, na Gaudensia akamshika kiwiko. "Andika jina langu. Lakini nipe hizo hatua tisa. Bani ikishika moto huifungui kwa juu, unaingilia chini, na magunia ya maji, mikono taratibu, hewa isiingie kwa pupa. Nimefanya tangu nina miaka minane. Nitachimba mwenyewe. Kwa ungo wa dada Gaudensia nitachimba. Sitaki kitu kingine kwenu, baba. Simwombi akiwa hai. Nataka kitu cha kuweka ardhini, mtoto aonyeshwe. Kesho kutwa mtaniokotea nini kwenye majivu? Hakuvaa kengele."

Mgongoni, Tekla aliamka, akatikisa mkono wake, na kengele ya mbuzi ikalia.

Mzee Zablon alivaa kofia yake, akaivua tena. Akatazama bomba la moshi, ambalo lilikuwa linatoa moshi mweupe, mwepesi. Akatazama saa. Kijiko kiliendelea kuunguruma, bakuli juu, na Hilari hakuondoa mkono kwenye usukani.

"Kizime, baba," alisema Levina. "Siku moja tu. Mwambie akizime."